Kikapu Nilichokiacha Bondeni

Filamu tuliyoionyesha Kwaresima ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa Kiswahili. Paroko alirudi nayo kutoka safarini, ipo ndani ya flashi ndogo kama kidole cha mtoto, akanikabidhi kwa mikono miwili. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mambo hayo yote parokiani kwetu Rulenge: projekta, spika, kabati la vitabu, na maneno. Maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe. Jumapili mchana tuliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, watu wakajaa kwenye mabenchi, nami nikasimama kando ya kitambaa cheupe na maikrofoni mkononi, nikawaeleza wanachosema wale wazungu. Walisema Kitaliano, na chini yao yalipita maandishi ya Kiingereza, mbio kama panya. Nilichowahi kukisoma nilikitafsiri. Kilichonipita nilikitunga mwenyewe, na sikuona aliyelalamika.

Ilikuwa habari ya binti wa tajiri mmoja aliyeacha nyumba ya baba yake, akaenda kuwahudumia maskini waliokuwa wakilala chini ya madaraja katika mji wenye baridi. Kuna mahali anamwosha vidonda mzee mmoja. Kamera inamtazama binti usoni kwa muda mrefu, machozi yanamtiririka, muziki unapanda. Ukumbini akina mama walivuta kanga wakajifuta macho. Mimi mwenyewe niliinamisha maikrofoni, nikajifanya nakohoa.

Filamu ilipoisha niliuliza kama kuna mwenye swali. Ni tabia ya ualimu, haitoki hata ukistaafu. Akanyoosha mkono bibi mmoja wa jumuiya yetu, mjane anayeishi peke yake bondeni, chini ya mashamba ya misheni. Ni mwenyeji wa Kanazi, aliletwa huku na ndoa, na ndoa ilipokufa akabaki. Aliuliza hivi: yule mzee aliyeoshwa vidonda, alikwenda lini nyumbani kwa yule binti kumwamkia?

Watu wakacheka. Nikajibu kwa maikrofoni kwamba filamu haikuonyesha jambo hilo. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyepunjwa kipimo sokoni, akaketi.

Sikulifikiria tena swali lile kwa mwaka mzima.

Niseme mimi ni nani, maana nyumba yangu ina mtu mmoja tu wa kunitambulisha, na ndiye mimi. Nilizaliwa Biharamulo, kwa wazazi Wasubi, nikaja Rulenge kufundisha Kiswahili na Historia, nikaolewa na mwalimu mwenzangu, nikabaki. Mume wangu alitangulia mbele ya haki. Watoto wapo, mmoja Dodoma, mwingine Mwanza, na wote wananipenda kwa simu. Nina ulimi mkali, najua. Wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wana mvi, wakiniona barabarani bado wanachomekea mashati.

Baada ya kustaafu nililishika kabati la vitabu la parokia kama wengine wanavyoshika rozari. Mna maisha ya watakatifu, mna katekisimu za zamani, mna riwaya zilizoachwa na wageni na watawa waliohamishwa. Nimevisoma vyote, vingine hadi gundi imeachia. Na niseme ukweli wangu: watakatifu wa vitabuni walinichosha. Waandishi wao hawawaachi wakasirike hata kidogo. Mtakatifu anatoa joho lake, anatoa mkate wake, anatoa kitanda chake, na maskini anapokea, anashukuru, anatoweka. Hatujui aliishindaje ile njaa ya kesho yake. Maskini katika vitabu vile ni ngazi tu ya mtakatifu kupandia mbinguni, na hakuna anayeiuliza ngazi kama imechoka.

Maneno haya niliwahi kumwambia paroko, akacheka, akasema mwalimu wewe ungeandika chako. Sikuandika. Nilikuwa na kazi. Kila wiki nilishuka bondeni na kitabu kumsomea yule bibi, kwa sababu macho yake yameingia ukungu, na kwa sababu, kusema kweli, nyumba yangu ina kimya kisichovumilika saa za alasiri. Yeye watakatifu hakuwataka kabisa. Alipenda riwaya moja ya wanawake wawili waliogombania mpaka wa shamba. Kurasa za mwisho za riwaya ile zilichanika zamani, kwa hiyo tulipofika mwisho wa karatasi yeye ndiye aliyemalizia, na kila mara alimalizia tofauti. Mara walipatana, mara mmoja alihama, mara waliozeana watoto. Tulibishana sana. Ndizo zilizokuwa alasiri zangu nzuri, na sikujua kwamba ni nzuri kiasi kile mpaka zilipokoma.

Zilikoma kwa sababu ya tope. Mvua ya baada ya Noeli ilikuwa imelowesha ngazi za ukumbi, nami nilikuwa nashuka nimekumbatia projekta kama mtoto mchanga. Niliteleza. Projekta niliiokoa, mguu sikuuokoa. Hospitalini wakaufunga plasta kutoka goti hadi vidole, wakanipa magongo na maneno mengi ya kuniasa nisiwe mkaidi.

Wiki ya kwanza watu walikuja. Walikuja wengi hata viti vikapungua, wakanipa pole, wakanisimulia habari za kila mtu aliyewahi kuvunjika mguu katika wilaya nzima ya Ngara. Wiki ya pili walikuja wachache. Halafu msimu wa kupalilia maharage ukapamba moto, na mvua ikawa haikatiki, na sikumlaumu mtu. Mkulima hawezi kuliacha shamba lake liliwe na magugu ili amtazame mwalimu mstaafu akitazama plasta. Binti wa jirani aliniletea maji asubuhi, akayaweka, akakimbilia shuleni. Baada ya hapo ulibaki mlio wa mvua kwenye bati. Nilisoma mpaka maandishi yakawa hayana maana. Nilijikuta namsomea mtu ambaye hayupo, kwa sauti, nikitua kwenye nukta ili abishe. Mwanangu wa Dodoma alisema, mama, hamia huku. Nikamwambia nitafikiria. Kufikiria ndiko kulikokuwa kumejaa tele, sikuhitaji kukusafiria.

Yule bibi wa bondeni hakuja hata mara moja. Hilo liliniuma kuliko mguu. Nilijiambia kilima ni kirefu kwake, macho hayaoni, njia inateleza. Kisha nikajiambia, lakini Misa anakuja. Kanisani anapanda kilima hicho hicho. Nilikasirika kama mtoto.

Ikaingia Kwaresima. Jumuiya zetu zina desturi wakati huo ya kupeleka matendo ya huruma kwa wahitaji. Kila nyumba inatoa ilichonacho, unga, maharage, mihogo mikavu, chumvi, sabuni, na akina mama wanabeba vikapu kwenda mlango kwa mlango. Vikapu hivyo nimevibeba miaka mingi. Kwa hiyo siku niliposikia wimbo wa Kwaresima unakaribia getini kwangu, nilidhani wananipitia tu wakiwa njiani kwenda kwa mtu mwingine. Nilijivuta nikafungua mlango, nikaanza kuwaomba radhi kwamba mwaka huu siwezi kwenda nao.

Waliingia wanne, na mwenyekiti wa jumuiya yetu mbele, mwanamke mpole niliyemfundisha darasani. Wakaniamkia shikamoo mwalimu, nikaitika marahaba. Mwenyekiti akatua kikapu sakafuni, akaniuliza kwa sauti ya chini sufuria zangu zinakaa wapi. Kabla sijamjibu, mmoja wao alikuwa ameshaingia jikoni, ametoka na sufuria kubwa. Wakamimina maharage. Wakamimina unga kwenye ndoo yangu. Kisha mwenyekiti akakung'uta kikapu, akakitia kwapani.

Mtu wa mbali hataelewa kwa nini nilishika ukingo wa kiti. Itabidi nieleze.

Kwetu kikapu hakirudi kitupu. Nilipokuwa mtoto Biharamulo, majirani zetu walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mama yao alituletea maziwa kwenye kibuyu, akakiacha kibuyu pale pale. Mama yangu alikiosha, akakiweka juani, na baada ya siku mbili tatu alinituma nikirudishe na ndizi ndani ya kapu. Kapu nalo likaachwa kule. Likarudi na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Ikawa hivyo miaka yote tuliyokaa jirani, na kwa kweli sikumbuki siku ambayo hapakuwa na chombo cha watu nyumbani kwetu, au chombo chetu kwa watu. Kumwachia mtu kikapu ni kumwambia, bila kutamka, kwamba unamtegemea aje. Na huku Ngara nilikuta mambo ni yale yale.

Lakini kuna nyumba ambazo haziachiwi kikapu. Ukienda kwa mtu ambaye njaa imemkalia, ambaye hana cha kutia ndani, unamimina ulicholeta kwenye chombo chake mwenyewe na unaondoka na kikapu chako. Mama alinifundisha hivyo, na kila mama alimfundisha bintiye hivyo. Ni huruma, na ni huruma ya kweli. Hutaki kumtwika mzigo mtu ambaye tayari ameinama. Unamfungua. Unamwambia, wewe usihangaike kurudisha.

Nilimwambia mwenyekiti aache kikapu, nitakirudisha.

"Aa, mwalimu," akasema, na alisema kwa upendo, ndicho kilichonimaliza. "Wewe usijisumbue. Pumzika tu."

Wakasali. Wakaniombea mimi na wahitaji wote. Wakatoka wakiimba, na kwa mara ya kwanza nikausikia wimbo ule ukienda mbali nami.

Nilikaa na lile sufuria la maharage mbele yangu mpaka jioni. Sikuwa na njaa, pensheni yangu inanitosha, na shambani nina ndizi. Hawakukosea kuhusu mguu, walikosea kuhusu mimi. Au pengine hawakukosea. Nilijitazama kama wanavyonitazama: mwanamke mzee, peke yake, mguu juu ya stuli, watoto mbali. Wangekosa kunihesabu miongoni mwa wahitaji, ningewasuta kwa uzembe. Nililia, nikajiuliza nalilia nini, kapu la ukindu? Ndiyo. Kapu la ukindu. Nilitaka kuwa mtu ambaye bado kuna anayemtegemea aje.

Maharage yale sikuyapika. Niliyahamishia kwenye debe, nikafunika.

Jumapili iliyofuata vijana wa parokia walionyesha tena ile filamu. Sasa maikrofoni alikuwa nayo katekista kijana, mwenye sauti nzuri na Kiingereza cha kubahatisha kama changu. Mimi nililetwa kwa pikipiki, nikakalishwa benchi la mbele, mguu umenyooshwa, watu wakiupitia kwa heshima kama kaburi. Filamu ikafika pale penye madaraja. Binti akapiga magoti kumwosha yule mzee, kamera ikamwendea usoni, akina mama wakavuta kanga zao.

Safari hii nilimtafuta mzee. Ilinilazimu kutafuta kweli, maana anaonekana kisogo tu na bega moja. Yupo pembeni ya picha, kama kiti. Anashikiliwa mguu, na mkono wake, kwa dakika chache ambazo kamera imesahau kuukata, unapapasa sakafu. Unapapasa kushoto, unapapasa kulia. Mwaka uliopita, kama niliuona, labda nilidhani ni maumivu. Sasa nilijua anatafuta kitu cha kumpa. Mkono mtupu haulambwi, wanasema watu, na wanasema kwa kucheka, kwa kuwa hawajawahi kuwa ndio mkono.

Nikalikumbuka swali la bibi. Alikwenda lini kumwamkia?

Nikiwa pale benchini nilimfikiria pia yule mtume mkubwa aliyekataa kuoshwa miguu. Miaka yote nimewafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kwamba alikataa kwa unyenyekevu. Sasa nadhani alishtuka. Nadhani alimwona Bwana wake anachuchumaa na beseni, akahisi kile nilichohisi mimi kikapu kilipokung'utwa. Lakini Bwana hakumwacha hapo. Alipomaliza kuwaosha aliwaagiza wakaoshane, yaani beseni aliliacha kwao. Nimesikia mahubiri mengi ya Alhamisi Kuu na sijawahi kusikia padri akilitaja beseni hilo. Ningekuwa padri ningelitaja, ndiyo maana labda Mungu alinifanya mwanamke.

Plasta ilipofunguliwa mguu ulitoka mwembamba na mweupe kwa magamba, kama si wangu. Nilijizoeza kutembea uani, kisha hadi barabarani, kwa fimbo. Wiki ya Matawi ilipokaribia, mvua ikapumzika, na nikajua ninakokwenda.

Nilikata ndizi mbivu, nikatia viazi na kipande cha sabuni katika kikapu changu kizuri, kile chenye mistari myeusi alichonisukia marehemu mama mkwe. Juu yake nikaweka ile riwaya isiyo na mwisho. Nilishuka bondeni taratibu, nikipumzika kila penye jiwe. Bibi alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga za kunde kwa vidole, maana macho hayamsaidii.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani huyo? Mwarimu?" Akainuka nusu. "Umepona mguu?"

Nikamwambia nimepona kiasi. Tukaketi. Nilikuwa nimejipanga kwa wiki kadhaa kumwambia jinsi alivyonitupa, na sentensi nilikuwa nimezinoa moja moja. Nikamuuliza tu mbona hukuja kunitazama.

Vidole vyake viliendelea na mboga. Kisha akasema, "Ningekuja na nini, mwarimu? Mwaka wote mnaniretea. Nikija mikono mitupu kwa mgonjwa, nitaingiaje mrangoni?"

Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini hakupanda mahindi mwaka huu. Misa anaweza kuja, akaniambia, kwa sababu Mungu anamjua jinsi alivyo. Lakini nyumbani kwa mtu, hapana. Tangu jumuiya ianze kumhudumia hajaingia nyumba ya mtu yeyote, isipokuwa penye msiba.

Miaka mingapi hiyo, sikumuuliza. Nilikuwa nimekuja na kapu nyumbani kwake mara zisizo na idadi, nimemimina, nimeondoka nalo kwapani, na sikujua kwamba kila mara nilikuwa nafunga mlango nyuma yangu. Nikafungua kitabu nikamsomea. Tulipofika penye kurasa zilizochanika hakumalizia. Akasema leo umwache tu yule mwanamke wa pili pale mpakani, apumzike.

Nilipoinuka aliingia ndani kuleta sinia la kumiminia, kama desturi. Nikamwona gizani mle anapapasa ukutani kulitafuta, kushoto, kulia. Sikumngoja. Nilichukua kitabu na fimbo yangu nikatoka.

Nilikuwa nimefika kwenye migomba aliposimama mlangoni, sinia mkononi.

"Mwarimu," akaniita. "Umesahau kikapu."

Nikageuka. Nyumba yake imeegemea upande, na paa la nyasi limekuwa jeusi kwa mvua. Hakuna kitu pale cha kurudisha. Nilijua hivyo, na nikasema.

"Sijasahau, bibi."

Alisimama pale na sinia lake muda mrefu kiasi kwamba nilitaka kurudi nikalichukue lile kapu, nimwambie natania. Kisha akainama, akalipapasa, akalinyanyua, akaingia nalo ndani. Nikapanda kilima.

Sasa ndipo nilipoonja upweke wenyewe, maana upweke wa kungoja ni mkali kuliko ule wa kutongoja. Siku ya pili tu habari zilikuwa zimeenea. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja, akaamkia, akaketi ukingoni mwa kiti, na kwa adabu zote alizofundishwa nami mwenyewe akaniuliza kama ni kweli nimemwachia bibi kikapu. Nikasema ni kweli. Akasema, mwalimu, yule hana hata kuku. Umemtwika. Atalala usingizi kweli? Nikamwambia kuna mengine yanayomnyima mtu usingizi. Lakini alipoondoka ujasiri wangu uliondoka naye. Kwenye kanga tunaandika kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na tunazivaa kwenda kuwapa maskini, na hatumvalishi maskini kanga hiyo hata siku moja. Hivyo nilijitetea. Halafu nikawaza: na kama hana kabisa? Na kama ameficha kikapu changu chini ya kitanda na sasa hata Misa haji, kwa haya? Basi nitakuwa nimemfungia hata mlango aliobakiwa nao.

Jumapili ya Matawi sikumwona kanisani. Alhamisi Kuu sikumwona. Paroko aliosha miguu ya wazee kwa beseni la plastiki, nami nikatazama mlango zaidi ya altare. Ijumaa Kuu tulibusu Msalaba kwa zamu, na nilipouinamia sikuwa na sala nyingine ila hii, kwamba nisiwe nimemuumiza. Nilirudi nyumbani nikafungua kitabu nikakifunga. Nilimpigia mwanangu wa Dodoma, nikamwambia labda nitakuja kweli. Akafurahi sana. Nilihuzunika kwa jinsi alivyofurahi.

Jumamosi Kuu ni siku isiyo na kitu. Hakuna Misa mchana, tabernakulo iko wazi, taa yake imezimwa. Nilikuwa nafagia sebule, si kwa sababu kuna mgeni wa Pasaka, ila mkono una mazoea. Nikasikia hatua za mtu anayepima ardhi kwa fimbo kabla ya kukanyaga.

"Hodi."

Nilisema karibu mara tatu kabla ya kufika mlangoni. Alikuwa amefunga kanga safi, miguu imeroa umande hadi magotini, na kichwani amejitwika kikapu changu chenye mistari myeusi, kimejaa nyasi mbichi hata zinaning'inia usoni kwake. Nyasi laini za mtoni, zile wazee wetu walizotandika sakafuni siku ya sikukuu ili mgeni akanyage panaponukia. Nyumbani kwangu zilikoma kutandikwa tangu nilipotia saruji na nilipobaki bila wa kumtandikia.

Akaniambia zimemchukua muda, kwa sababu za kando ya njia zimekomaa na kuwa ngumu, na zile nzuri ziko chini kabisa kwenye maji, na yeye hukata kwa kupapasa. Alikuwa hakuja Misa kwa kuwa alikuwa mtoni. Alisema hivyo kama mtu anayeomba ruhusa kwa mwalimu.

Nilimtua kikapu. Akapiga magoti akaanza kutandika, kiganja kwa kiganja, kutoka mlangoni kuja ndani, akijua upana wa chumba kwa mikono yake, na harufu ya mto ikajaa nyumba yote. Mimi nilikwenda jikoni nikatoa lile debe nililolifunika Kwaresima nzima. Nikayachambua maharage ya jumuiya, nikayaosha, nikayabandika. Tuliyala alasiri, tumeketi chini kwenye nyasi, mguu wangu mbovu umenyooka. Tulipomaliza aliniomba riwaya. Nilisoma mpaka penye kurasa zilizochanika, naye akamalizia: yule mwanamke wa pili, akasema, alivuka mpaka kuomba moto. Nikambishia kwamba asingeweza, baada ya matusi yote yale. Akasema ulikuwa usiku wa mvua, na moto wake ulikuwa umezimika, angefanyaje.

Alipoinuka kuondoka alisukuma kikapu changu kwa fimbo hadi miguuni pangu, kitupu sasa, kimemaliza safari yake. Kisha akafungua pindo la kanga mgongoni, akatoa kikapu kingine. Kilikuwa kidogo, cha zamani, kimeunguzwa na moshi wa jiko hata rangi yake haijulikani, na ndani mlikuwa na mboga za kunde zilizokauka, konzi moja. Akakiweka juu ya meza ya vitabu.

Nilipata hofu ya mazoea, nikanyoosha mkono kuchukua bakuli. Akausikia mlio wa bakuli.

"Kiache hapo," akasema. "Na mimi sijakisahau."

Nilimsindikiza hadi mwanzo wa mteremko, nikamtazama akishuka mpaka migomba ikamficha. Nikarudi, nikampigia mwanangu, nikamwambia Dodoma bado. Akauliza kuna nini. Nikamwambia nina chombo cha watu ndani ya nyumba.